Wimbo wa Sita, Upande B

Alhamisi, 1 Juni 1995

Lameck amerudishwa kutoka hospitali. Wamemleta kwa pikapu ya mchele, kalazwa juu ya magunia. Kifua. Daktari kasema mpelekeni nyumbani, ale anachokitaka. Bondeni nzima inajua maana ya maneno hayo.

Nilikwenda kumwona kwa wadhifa wangu. Mimi ni Katibu wa Umoja wa Wapenzi wa Velvet Avenue, Tawi la Bondeni, Kyela. (Matawi mengine hayajafunguliwa.) Mwaka 1985 tulikuwa wanachama ishirini na watatu. Leo tumebaki watatu: Lameck, Mwenyekiti, mimi, Katibu, na Hezroni, mjumbe, ambaye simpendi. Wengine wako makaburini, isipokuwa mmoja aliyeokoka.

Lameck hana mwili tena. Saa yake ya mkononi inapanda mpaka kwenye kiwiko. Mkewe, Anyes, alimwinua, akasema kuna kitu kimoja tu anachokitaka kabla ya kuondoka. Wimbo wa sita, upande B, wa kaseti ya Velvet Avenue, bendi yetu ya Kiingereza. Si dawa, si maombi. Mchungaji alikuwa amekaa pale pale na Biblia yake! Nilimwonea huruma.

Halafu Lameck akaongeza: atakayempigia wimbo ule achukue koti lake. Koti jeupe, la mabega! Na kiti cha Mwenyekiti juu yake. Najua mtu anakufa. Lakini koti lile nalitamani mwaka wa kumi na moja sasa. Kufa kufaana, wahenga hawakuwa wajinga.

Tatizo ni moja. Kaseti halisi ya Velvet Avenue ninayo mimi, nilikabidhiwa mwaka 1992 niitunze, isichakae kwa kupigwa. Na upande B hauna wimbo wa sita. Hauna hata wa kwanza. Una mimi.

Niandike tu, mke wangu Atupele hasomi shajara hii, anasema ina uongo mwingi. Mwaka 1992, vyama vingi viliporuhusiwa, niliona na sisi tufanye uchaguzi. Nikaandaa hotuba ya kumng'oa Lameck. Nikataka kujisikia. Sikuwa na kaseti tupu. Nikabandika karatasi kwenye vile vitundu vya juu vinavyozuia kurekodi, nikabonyeza kitufe chekundu. Dakika thelathini, bila kupumzika. Uchaguzi haukufanyika, wajumbe walikuwa msibani.

Ijumaa, 2 Juni

Nimemwambia Lameck kaseti iko Matema kwa shemeji yangu, nimeificha huko isiibwe. Nitaifuata. Akanishika mkono, akasema ndaga fijo, asante sana. Kiganja kina moto kama sufuria. Nilijisikia vibaya mpaka nilipofika barabarani.

Hezroni alikuwa amesimama mlangoni, kakunja jicho moja. Anajiona kwa sababu ana kibanda cha kurekodi, na ndani ya kibanda ana deki ya kaseti mbili, ya pekee Kyela hii. Ametangaza mbele ya Anyes kwamba anavuka mpaka kwenda Karonga, Malawi, kwa shemeji zake, na hatarudi bila wimbo. Enzi hizi za ruksa, eti, kila kitu kinapatikana.

Kila kitu, isipokuwa Velvet Avenue. Nimezunguka sokoni leo, meza kwa meza. Vijana wananiuzia watu wanaosema maneno haraka haraka kama wako mnadani. Nikauliza Velvet Avenue. Kijana akaniuliza kama ni aina ya sabuni.

Sabuni! Mwaka 1984 sabuni yenyewe haikuwapo. Sukari haikuwapo. Watu tulivaa viraka juu ya viraka. Lameck alivuka Mto Songwe kwenda Malawi kutafuta chumvi na khanga, akarudi na kaseti imefungwa kwenye mfuko wa nailoni kichwani, chini ya kofia, maji yakiwa kifuani na mamba wako macho. Askari wakamnyang'anya chumvi na khanga. Kofia hawakuigusa. Jumapili ile tulikaa kwake watu thelathini, hakuna aliyejua Kiingereza cha kutosha. Lameck alisema wimbo wa sita unamhusu mwanamke aliyeachwa kituo cha basi. Hezroni alisema unamhusu mtu anayelima. Tulibishana miaka. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na sina hakika kama nitakuwa nayo tena.

Jumapili, 4 Juni

Mungu yupo! Baada ya ibada Ikupa alinivuta nyuma ya kanisa.

Ikupa ni mtoto wa dada yangu aliyeolewa Karonga. Yeye mwenyewe ameolewa hapa na Patrick, mtoto wa Lameck, ambaye yuko Chunya kwenye dhahabu na haandiki barua. Kwa hiyo Ikupa ni mkwe wa Lameck, anakaa nyumba ndogo ya nyuma, na kwa miaka minne hajawahi kumtazama baba mkwe wake usoni. Ndivyo kwetu, tunaita kutila. Mzee akipita, mkwe wake wa kike anajibanza kwenye migomba. Haingii alimo. Hamsemeshi. Hata jina lake hamtaji. Anampikia kila siku, na chakula kinabebwa na mwingine.

Akaniambia, mjomba, wimbo ule ninao. Aliurekodi redioni akiwa msichana wa shule kule Karonga, wote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Alipoolewa hapa, akasikia baba mkwe anaupiga ule ule, akawa anatwanga polepole ili ausikie ukutani. Hajamwambia mtu. Amwambie nani?

Ameniomba nimpelekee mzee. Asitajwe, haifai. Anataka tu ausikie.

Nimeichukua. Na hapo hapo akili yangu ilifanya kazi. Nitauhamisha wimbo kutoka kaseti ya Ikupa kwenda kaseti halisi. Lameck ataona jalada lake mwenyewe, picha zile zile, wimbo mahali pake. Dhambi ya 1992 imefutika. Koti langu. Kiti changu.

Atupele aliponiona nimekaa na kaseti mbili akauliza kwa nini nisiende kumpigia mgonjwa hiyo ya Ikupa, sasa hivi, ni hatua mia mbili. Nimemwambia hayo ni mambo ya uongozi.

Jumatatu, 5 Juni

Hezroni bado yuko Karonga. Kibandani yupo mkewe, Beatrice. Nikamwambia nina kazi nyeti ya Umoja, atoke nje. Akatoka, lakini akasimama dirishani akimenya karanga. Basi nikapunguza sauti ya deki mpaka mwisho, asisikie kitu.

Kushoto inacheza, kulia inarekodi. Au ni kinyume? Mashine haikuandikwa Kiswahili. Kumwuliza Beatrice nisingeweza, angemwambia mumewe. Nilifikiri sana. Nikaweka, nikabonyeza, nikahesabu dakika tano kwa saa ya ukutani, nikatoa.

Nikasikiliza kaseti ya kwanza. "Ndugu wanachama, wakati umefika."

Nikasikiliza ya pili. "Ndugu wanachama, wakati umefika."

Nilikaa juu ya kigoda. Beatrice aliniuliza kama nimepatwa na malaria. Nikasema ndiyo. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena, labda mashine imechanganyikiwa. Haikuchanganyikiwa. Wimbo wa sita haupo tena Kyela. Kwa kadiri ninavyojua mimi haupo tena popote.

Nitakiri jambo moja: hotuba bado ni nzuri.

Jumanne, 6 Juni

Nilikuwa naanua kokoa uani. Ikupa akaja, mundu bado mkononi, anatoka kuvuna mpunga. Akasalimia, akapiga goti, akauliza: mzee amesikia?

Nilitaka kusema ukweli. Naandika hili lijulikane. Nilifungua mdomo kwa ajili hiyo. Mdomo ukasema ndiyo, amesikia, jana mchana, wewe ulipokuwa shambani.

Akauliza alifanyaje. Nikasema alilia. Akauliza alilia wapi, wimbo ulipofika wapi. Nikasema pale kinanda kinapoingia peke yake. Akaangusha mundu, akajifunika uso kwa khanga, akawa anacheka na kulia pamoja. Akasema hata yeye ni hapo hapo. Miaka yote ni hapo hapo!

Akauliza kaseti yake. Nikasema mzee analala nayo chini ya mto. Akasema basi ikae, ikae naye tu. Baadaye ameniletea mkungu wa ndizi wa shukrani.

Ndizi zimeiva vizuri.

Jumatano, 7 Juni

Hezroni amerudi. Kashuka na kaseti mpya, jalada la Velvet Avenue, wale vijana wanne wenye nywele ndefu kuliko za mke wangu. Akaiweka mbele ya mgonjwa kama Mamajusi walivyoweka dhahabu.

Ilikuwa mahubiri. Kwa Kitumbuka. Mtu anakemea ulevi.

Ningecheka, lakini Lameck hakukubali izimwe. Alisema huenda wimbo uko mbele. Alisikiliza upande mzima, macho juu kwenye mabati, akingoja. Hezroni alikuwa anatazama viatu vyake. Upande ulipokwisha Lameck akasema pole pole kwamba ameshukuru, Hezroni ametembea mbali. Kisha akaniuliza mimi: Katibu, ya Matema imefika?

Nikasema imefika. Nifanyeje? Anyes akasema basi kesho mchana, na mchungaji atakuwepo, na majirani, kwa sababu mzee hana siku nyingi.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Katibu hutangulia kuikagua. Nimepata mpango. Watu wote hapa huanika betri juani zipate nguvu. Mimi nimefanya kinyume: za redio yangu nimezitia kwenye tochi, nimeiwasha tangu nilipotoka kwa Lameck. Kesho nitabonyeza, kimya. Nitasema betri zimekufa, nitatoka kutafuta nyingine, nitatafuta sana. Mgonjwa mwenyewe mchana hulala. Siku moja itapita, kisha nyingine, na mambo yatajimaliza yenyewe.

Nimeisoma tena sentensi hiyo ya mwisho. Nimeiacha, maana ni kweli.

Alhamisi, 8 Juni

Siku mbaya kuliko zote. Kwangu, namaanisha.

Chumba kilijaa. Anyes kamvalisha Lameck shati safi, kamwegemeza kwenye magunia ya mchele. Koti jeupe lilikuwa limetundikwa msumarini, limepigwa pasi. Nilitoa kaseti halisi, nikaionyesha. Lameck aliligusa jalada kwa kidole. Nikaiweka kwenye redio yangu, nikabonyeza. Kimya! Nikatikisa kichwa kwa masikitiko niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi. Nikasema betri.

Hezroni akatoa betri mpya sita mfukoni. Alizinunua Karonga, akasema, kwa ajili hii.

Sikuwahi kumchukia mtu kama wakati ule. Akazipanga mwenyewe, akabonyeza mwenyewe.

"Ndugu wanachama, wakati umefika. Mwenyekiti wetu amechoka. Mwenyekiti ni mgonjwa mgonjwa, Mwenyekiti apumzike, atupishe wenye afya..."

Nilikimbilia kitufe. Kimekwama! Nikabonyeza vingine, sauti ikapanda. Majirani walioko barabarani wakaingia kusikia nani anahutubia. Hotuba ikaendelea mpaka pale ninapoeleza faida tisa za kuwa na kiongozi kama mimi. Niliogopa kumtazama Lameck. Nilipomtazama, hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja, kama jana. Alifikiri wimbo uko mbele.

Halafu akaelewa. Niliona alipoelewa. Akasema, zima. Hezroni akang'oa betri.

Lameck aligeuza uso ukutani. Anyes akaanza kumfunika, na mchungaji akafungua Biblia, na hapo ndipo tulipomsikia mtu nyuma ya ukuta.

Ikupa. Alikuwa kule jikoni, amesikia yote. Alianza na kinanda, kwa mdomo, ti-ri-ri, ti-ri-ri, kisha akaingia na maneno. Mkwe! Anamwimbia baba mkwe wake, kwa sauti, ukuta wa tope tu kati yao! Mwanamke mmoja aliweka mkono mdomoni. Mimi nilisimama nikasema hili halijawahi kutokea, tumzuie. Anyes akaniambia, "Zebedayo, kaa chini." Nikakaa.

Sauti yenyewe nyembamba. Ubeti wa pili aliukosea, nimeuandika kwenye kumbukumbu za Umoja. Maneno asiyoyajua aliyaziba kwa Kinyakyusa. Palipo na ngoma alipiga mlango wa mbao kwa kiganja. Lakini hakuruka kitu. Pale kinanda kinapobaki peke yake, sauti ilimkatika, akaendelea.

Kidole cha Lameck kilikuwa kinagonga mkeka. Kidole kimoja tu. Machozi yalimtiririka yakaingia masikioni, hakuyafuta. Hezroni, mtu mzima yule, alilia wazi wazi, kamasi na yote.

Ulipokwisha, Lameck akasema kuelekea ukutani, kwa nguvu ambazo hatukujua anazo: "Ndaga fijo, mwanangu." Miaka minne na hajawahi kumsemesha.

Kisha akamwambia Anyes, koti apewe aliyeimba.

Mimi ndiye niliyeleta redio.

Jumamosi, 10 Juni

Lameck alifariki jana saa mbili asubuhi. Tumemzika leo. Watu wengi, vikapu vya mchele mpaka barabarani, ngoma upande wa migomba na kwaya upande wa kaburi, kila mmoja akijaribu kumshinda mwenzake.

Mimi nililia. Sikupanga. Ilikuwa wakati wa kutupa udongo, nikakumbuka kofia yake ya Songwe, nikalia kiasi kwamba watu walinishika. Nilimpenda yule mtu. Alinifundisha kuvaa, alinifundisha kurudisha mkanda kwa kalamu, alinipa ukatibu wakati hakuna aliyenipa hata kiti.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshikwa, na watu wananitazama, niliona nitoe salamu za Umoja. Nilisema marehemu aliondoka akiwa ameusikia wimbo wake, chini ya usimamizi wa Katibu. Nikasema neno lake la mwisho kwangu lilikuwa fupi na la busara. Mtu nyuma akasema kwa sauti, "Zima." Watu wakacheka, msibani! Nilimtafuta kwa macho, sikumwona. Ilikuwa sauti ya Beatrice.

Baada ya mazishi nikawaendea wazee wa ukoo pembeni. Niliwaeleza kwa heshima kwamba mkwe kamwimbia mkwewe, kosa liko wazi, na kama mila inavunjwa hivi hivi basi hata urithi wa koti uangaliwe upya. Walikaa, wakanong'ona. Anyes akasimama. Akasema kama kuna faini ataitoa yeye, kuku wake mwenyewe, hata sasa hivi. Akauliza tu nani ameleta mashitaka. Wazee wote wakanitazama.

Kuku alichinjwa, Ikupa akasafishwa na bibi mmoja kwa maji na majani, ikaisha. Koti hawezi kulivaa, la mkwe halivaliwi. Nilimwendea, nikamwambia kwa upole kwamba mjomba yuko tayari kumtunzia.

Akasema, "Mjomba, uliniambia alilia."

Nikamwambia ndiyo, na mwishowe si alilia? Akaenda zake. Sikuelewa kwa nini analikazania jambo ambalo limeshatimia.

Jumanne, 13 Juni

Mkutano wa wanachama wote, chini ya mwembe wa kibanda cha Hezroni. Mahudhurio: wawili. Akidi imetimia.

Ajenda ya kwanza, Mwenyekiti. Nilijipendekeza. Hezroni akampendekeza Ikupa. Nikasema si mwanachama. Akasema tumsajili. Nikasema katiba hairuhusu. Akaomba kuiona katiba. Nikasema iko Matema. Kura: moja kwa moja. Nafasi inabaki wazi.

Ajenda ya pili, wimbo. Hezroni amezungumza na Ikupa. Amekubali kuuimba tena, waurekodi kwenye kaseti mpya, ti-ri-ri na mlango na ubeti uliokosewa, ili atakayebaki wa mwisho kati yetu awe na cha kusikiliza. Sharti lake ni moja: Katibu asiiguse. Nimepinga kwa maandishi.

Hezroni alikohoa mkutano mzima. Anasema ni vumbi la barabara ya Karonga. Lakini mkanda wake wa suruali una matundu mawili mapya, ya msumari, na saa yake imeanza kuteleza. Nilimwuliza kwa upole kama ameshaenda kupima. Nikamwuliza, kwa upole zaidi, deki ile ya kaseti mbili amefikiria itabaki kwa nani. Akaniangalia, akasema, "Ndaga, Katibu," akainama kufunga kibanda.

Nimepiga hesabu njiani. Tumebaki wawili, na mimi sikohoi. Wa mwisho nitakuwa mimi, na nikiwa peke yangu kura zote ni zangu.

Nilipofika nyumbani nimechukua kamba, nimepima meza yetu. Deki inaenea. Atupele kaniuliza napima nini, nimemwambia ni mambo ya uongozi.